Reale Kalibuni: Habari za Wafua Fedha wa Pwani

Katika miaka hii ya karibuni imeenea huko Ulaya na Marekani fikira isemayo kwamba mapambo ya fedha yafaa kutengenezwa kwa fedha iliyokwisha kuchimbwa zamani, yaani ile iliyomo katika vyombo vikuukuu, sarafu zisizopokelewa tena na masalio ya viwandani, badala ya kupasua mlima mwingine kuitafuta fedha mpya. Na fikira hiyo, kwa kuwa ni njema, hutangazwa madukani kana kwamba ni uvumbuzi wa kizazi hiki. Lakini mtu aliyezaliwa katika pwani ya Afrika Mashariki, au katika bandari za Omani na Hadhramaut ambazo pwani hiyo imeoana nazo kwa karne nyingi, hana budi kustaajabu kidogo aisikiapo, maana katika nchi zake haikupata kuwako njia nyingine. Kila mtali uliolia kwenye kifundo cha mguu wa bibi arusi, kila kekee, kila kipini cha pua na kila ala ya jambia ilikuwa kwanza kitu kingine. Na aghalabu kitu hicho kilikuwa sarafu. Makala hii yakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyokwenda, sababu zilizoifanya idumu, na gharama iliyolipwa kwayo ambayo wasifuo desturi hiyo leo hawaitii katika hesabu.

Yafaa tuanze na jambo la asili, nalo ni kwamba pwani ya Waswahili, kutoka Barawa hata Kilwa na visiwa vya Ngazija, haikujaliwa machimbo ya fedha. Dhahabu ilishuka kutoka bara ya Sofala, na chuma kilifuliwa na wenyeji wenyewe, lakini fedha ilikuja kwa njia ya bahari; na kwa hiyo tangu mwanzo fundi wa pwani alikuwa mtu wa kupokea madini yaliyokwisha kupita katika mikono mingi kabla ya yake. Wataalamu wa mambo ya kale walipofukua magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuta vijisarafu vya fedha vyenye majina ya watawala wenyeji, ambavyo ni vya zama za mwanzo kabisa za Uislamu katika pwani hii. Na mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu zilizotoka katika dola za Kiislamu za kaskazini. Watawala hao hawakumiliki mlima wa fedha hata mmoja. Fedha iliyowafikia kwa biashara ndiyo waliyoitia majina yao. Naye Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, muda mchache baada ya jeshi la wenzake kuuteka na kuupora mji wa Kilwa mwaka 1505, alieleza kwamba wanawake wa mji huo walivaa mikufu na vikuku vya dhahabu na vya fedha mikononi na miguuni, na mapambo ya vito masikioni. Kwa hiyo kuvaa fedha katika pwani si jambo lililoletwa juzi na Mwarabu au Mhindi, ingawa wote wawili, kama tutakavyoona, wana sehemu yao katika habari hii.

Katika karne zilizofuata fedha iliongezeka sana duniani kwa sababu Wahispania walivumbua mwaka 1545 utajiri wa mlima wa Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, wakaupiga kuwa sarafu nzito ambazo mataifa yote ya biashara yalizikubali. Na zile zilizokuwa na sura ya nguzo mbili, ambazo macho ya watu wa huku yaliziona kuwa ni mizinga, zilijulikana katika bandari zetu kwa jina la reale ya mzinga. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko Unguja, alipochapisha kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kiswahili mwaka 1870, aliziandika reale za aina mbalimbali zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu, na miongoni mwake imo ile iliyozishinda zote kwa umaarufu, yaani reale ya Sham. Sarafu hii haikutoka Sham, bali ilitoka Austria, nayo ina sura ya malkia Maria Theresa, aliyefariki tarehe 29 Novemba 1780. Na ajabu yake ni kwamba baada ya kufa mwenyewe, sarafu yake haikufa, kwani iliendelea kupigwa, hali ina tarehe ile ile ya 1780, kwa muda wa karne mbili, kwanza katika miji ya milki ya Austria kama Vienna, Milan na Venice, kisha katika karne ya 20 huko Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Nchini Austria kwenyewe iliacha kuwa sarafu halali mwaka 1858, lakini Wahabeshi, Wayemeni, Waomani na watu wa pwani hawakujali amri ya Vienna, maana wao hawakuwa wakiipokea kwa ajili ya amri ya mfalme yeyote, bali kwa ajili ya kile kilichomo ndani yake.

Na kilichomo ndani yake kilijulikana sawasawa. Reale ya Sham ina uzani wa gramu 28 na kitu kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzani huo sehemu 833 ni fedha safi na zilizobaki ni shaba, hata ikawa kila reale moja ina fedha safi gramu 23.4 hivi. Ukingo wake umeandikwa maneno kwa herufi zilizoinuka, jambo lililomzuia mwizi kuukwangua na kuiba unga wa fedha bila ya kugunduliwa; na wafanyabiashara wa bara Arabu na Uhabeshi walizoea kuhesabu lulu za taji na za bizimu iliyo begani mwa malkia, na kuziangalia herufi ndogo za chini yake, kabla ya kuitia sarafu mfukoni. Fundi wa Lamu au wa Nizwa hakuwa na maabara ya kupimia madini, wala hakuihitaji, kwa kuwa kila mkoba wa reale uliomfikia ulikuwa umekwisha kupimwa kwa niaba yake. Na katika mizani za pwani wakia moja ilikuwa ndiyo uzani wa reale moja, hata mtu akiagiza pambo aliweza kusema idadi ya sarafu na uzani wa fedha kwa tamko moja.

Wingi wa reale hizo katika bandari zetu ulitokana na biashara iliyostawi katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake kuanzia miaka ya 1830. Mwaka 1833 alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, yakaja kununua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu, yakilipa kwa nguo za merikani na kwa sarafu. Hapa msomaji hapaswi kudanganyika kwa utamu wa habari. Biashara ile ile iliyoleta reale kwa ajili ya pembe ilileta reale kwa ajili ya watu, hata soko la watumwa la Unguja lilipofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Na sarafu iliyonunua mtu Kilwa iliweza kuyeyushwa Unguja ikawa kipuli cha mwana wa watu. Fedha haina nasaba. Ikishaingia motoni haisemi ilikotoka, haibaki na rangi ya jasho wala ya damu, na fundi ameipokea kwa uzani tu. Jambo hili twaliweka hapa makusudi, kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye mambo ya siku zetu.

Lakini kwa nini watu waliitoa sarafu katika biashara na kuigeuza pambo? Sababu ya kwanza ni urembo, ambao hauhitaji kuelezwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, hakuona aibu kumhimiza ajipambe kwa ajili ya mumewe, na binti wa Pate asiye na pambo hata moja alikuwa ni mwenye kuonewa huruma. Sababu ya pili ni akiba. Zama hizo hakukuwa na benki ya kumwekea mtu amana, nyumba za makuti ziliungua, masanduku yalivunjwa, na waume, kama walivyo waume wa kila zama, walikuwa na madeni. Ilhali fedha iliyo mkononi na mguuni mwa mwanamke ilikuwa mali yake mwenyewe, aliyoipata kwa mahari, kwa urithi au kwa kazi ya mikono yake, na sheria haikumpa mume haki ya kuigusa bila ya ridhaa yake. Hali ikiwa njema iliongezwa. Mwaka ukiwa wa njaa kikuku kilipelekwa kwa sonara au kwa mkopeshaji, kikawekwa rehani au kikauzwa kwa uzani wake. Na mwenye nacho alipofariki, mizani iliwagawia warithi kila mmoja fungu lake bila ya ugomvi mwingi, kwa kuwa wakia haina upendeleo.

Kwa hayo yote fikihi nayo ilikuwa na neno lake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi, kauli mashuhuri haiwajibishi zaka juu ya pambo la halali ambalo mwanamke amelifanya kwa ajili ya kulivaa, ilhali madhehebu ya Hanafi huiwajibisha. Basi sarafu zilizolala sandukuni mwaka mzima na kufikia nisabu zililipiwa zaka, na zile zilizokuwa mtali hazikulipiwa. Mwanamume, aliyeharimishiwa dhahabu, aliruhusiwa pete ya fedha, na silaha yake kutiwa fedha, ndiyo maana ustadi mkubwa wa mafundi wa Omani na wa huku uliangukia katika ala na mipini ya majambia na panga. La muhimu kuliko yote kwa kazi ya sonara ni kwamba sheria haikubali fedha ibadilishwe kwa fedha ila kwa uzani ulio sawa na kwa kukabidhiana papo hapo, wala ustadi wa kazi haufanywi sababu ya kuongeza kitu katika mizani. Mtu hakuweza, basi, kutoa reale 12 na kuchukua pambo lenye uzani wa reale 10 akasema kwamba mbili ni za fundi. Njia iliyo safi ilikuwa ni kumletea fundi fedha yako mwenyewe, kuipima mbele yake, kuipokea tena kwa uzani ikiwa pambo, na kumlipa ujira wake kwa akidi iliyo mbali. Kwa hiyo mteja ndiye aliyekuwa mwenye madini, na fundi alikuwa mwenye moto na nyundo. Na desturi hiyo, iliyotokana na kuikimbia riba, ndiyo iliyofanya kuyeyusha vitu vya kale kuwa msingi wa kazi.

Sasa na tuingie karakanani, pahali ambapo aghalabu palikuwa ni chumba chembamba chenye mlango unaoelekea njiani, fundi ameketi chini, miguu ameikunja, mbele yake pana jiko la makaa, mvukuto, fuawe ndogo iliyopigiliwa katika gogo, koleo, tupa, patasi za nakshi na mizani ndani ya kijaluba. Reale zilitiwa katika chungu kidogo cha kuyeyushia na kufunikwa makaa, mwanafunzi akavukuta mpaka chungu kikawa chekundu kisha cha manjano, maana fedha safi haiyeyuki mpaka moto ufikie daraja 962 za sentigredi, na ile ya reale, iliyochanganywa na shaba, chini ya hapo kidogo. Unga wa boraksi ukanyunyizwa ili uchafu uelee juu na madini yatulie chini yakimetameta. Hapo fundi aliyamimina katika kalibu, na katika muda usiofika pumzi chache uso wa malkia, taji lake, lulu zake na maandiko yake yote yalikuwa yamekwisha kuwa kijiti cha fedha kisicho na alama.

Kijiti hicho kilikwenda njia mbili. Ikiwa ni cha mtali au furungu, ambayo ni mapambo mazito, kilifuliwa kwa nyundo, kikapashwa moto tena kila kilipokuwa kigumu, kikapindwa, na kisha kikatiwa nakshi za maua, nyota na mistari iliyosukwa. Na hapa mchanganyiko wa shaba uliomo katika reale ulikuwa na faida, kwa kuwa fedha safi kabisa ni laini mno, na mtali wa fedha safi ungelipindika kwa kugonga jiwe. Lakini ikiwa kazi ni ya uzi, mathalani ya kipini, kidani au mpini wa jambia, fundi alipendelea fedha iliyosafishwa zaidi, ambayo huvutika bila ya kukatika. Mafundi wa nchi nyingi walijua tangu kale kuisafisha fedha kwa kuiyeyusha pamoja na risasi, ambayo hewa ya moto huigeuza kutu, na kutu hiyo ikaichukua shaba na kuzama nayo katika majivu ya mifupa, ikaiacha fedha peke yake juu. Fedha hiyo ilipitishwa katika matundu ya chamburo, kutoka tundu pana hata tundu jembamba, mpaka ikawa uzi wa kufanana na unywele, nao ukasokotwa, ukazungushwa na kushikizwa kwa lehemu. Mwisho wa yote pambo lilitoka motoni jeusi kwa ajili ya shaba iliyoungua juu yake, likatiwa katika maji makali ya tindikali au ya ukwaju, likasuguliwa, likawa jeupe.

Msifu wa kazi hii hana budi kuitaja na aibu yake, nayo ni ghushi. Mtu aliyeleta reale za Sham alijua alicholeta, lakini aliyeleta mapambo yaliyokwisha kuvunjika hakujua, maana ndani yake mlikuwa na lehemu, na lehemu ni fedha iliyochanganywa na madini duni ili iyeyuke upesi. Kwa hiyo pambo lililoyeyushwa mara ya tatu au ya nne bila ya kusafishwa lilikuwa duni kuliko mama yake, hata kama hakuna aliyekusudia hiana. Na waliokusudia nao walikuwako. Kuongeza shaba kidogo katika chungu, kumimina fedha juu ya moyo wa madini mengine, kuacha unga wa tupa uanguke pahali ambapo mteja hauoni, yote hayo yalikuwa hila za kale, na dawa yake ilikuwa ni mteja, au mtu wake anayemwamini, kuketi papo hapo kazi ikifanywa, na kupima mwanzo na mwisho. Fundi mwaminifu naye hakupoteza kitu. Aliufagia mchanga wa karakana yake, akauweka, akauchoma na kuuosha kwa wakati wake, kwa kuwa katika vumbi hilo mlikuwa na sehemu ya riziki yake. Hakuna tone lililotupwa.

Waliokuwa wakiishika kazi hii walikuwa watu wa makabila mengi. Lamu na Siyu zilikuwa na mafundi wao, na Siyu ilisifiwa kwa ufundi wa kila namna, wa ngozi, wa mbao na wa madini. Unguja na Mombasa masonara wengi walikuwa Wahindu waliotoka Kachchh na Gujarati, nchi ambazo mji mmoja wake, Bhuj, ulikuwa na sifa kubwa duniani kwa nakshi za fedha, na baadaye wakaongezeka Wasingala kutoka Ceylon. Upande wa pili wa bahari, Nizwa na miji mingine ya Omani ilikuwa na masoko yake ya fedha, na Yemeni ilikuwa na mafundi wa Kiyahudi, ambao kazi yao ya uzi haikuwa na mshindani. Tabia ya ufundi huu yaonekana wazi katika yaliyowapata hao wa mwisho, kwani walipohamishwa karibu wote kwa ndege, kati ya mwaka 1949 na 1950, watu wapatao 49,000, reale zilibaki Yemeni na mikono ikaondoka. Na ingawa wako Waislamu waliojifunza kwao na kuiendeleza kazi, masoko yalijua papo hapo tofauti kati ya kuwa na fedha na kuwa na mfua fedha.

Mabadiliko ya bei za dunia nayo yaliingia mpaka katika chungu cha sonara. Baada ya Ujerumani na mataifa mengine kushika sarafu ya dhahabu, kuanzia mwaka 1873, bei ya fedha ilianguka, kutoka pensi 60 kwa wakia ya Kiingereza mwaka 1872 hata chini ya pensi 30 karne ile ilipokwisha. Na reale, ambayo thamani yake ilikuwa ni fedha yake tu, ikaanguka nayo. Rupia ya Bara Hindi, iliyokuwa imekwisha kushika masoko ya Unguja, ilifuata njia hiyo hiyo mpaka mwaka 1893, serikali ya India ilipofunga viwanda vyake kwa watu binafsi waletao fedha kupigiwa sarafu, na tangu hapo rupia ikawa na thamani kubwa sokoni kuliko ile ya fedha iliyomo ndani yake. Matokeo yake kwa sonara ni dhahiri: kuyeyusha rupia kulikuwa hasara, na kuyeyusha reale hakukuwa hasara. Basi reale, iliyokuwa ikifukuzwa katika biashara, ilipata makimbilio katika kalibu; na kwa kuwa bei yake ilikuwa imeshuka, pambo la fedha liliwafikia watu ambao zamani halikuwafikia, wakiwamo wale waliopata uhuru wao kwa amri ya mwaka 1897 huko Unguja na ya mwaka 1907 katika pwani ya Kenya, ambao kwao kuvaa kama watakavyo ilikuwa ni sehemu ya uhuru wenyewe.

Sarafu zilizokuja baadaye hazikumfaa fundi. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa mwaka 1921 na kuingia Unguja tarehe 1 Januari 1936 pahali pa rupia, ilikuwa na fedha robo tu, yaani sehemu 250 katika 1,000, na kuanzia mwaka 1948 hata robo hiyo iliondolewa ikawa shaba na nikeli. Kwa mara ya kwanza tangu zama za Mtambwe Mkuu, mkoba wa mtu wa pwani haukuwa tena na kitu kinachofaa kuyeyushwa. Sonara akabakiwa na reale zilizosalia, na mapambo ya mabibi waliofariki. Na wakati huo huo mabibi arusi wakaanza kuitaka dhahabu, wakaiona fedha kuwa ni pambo la wazee na la watu wa mashamba. Omani iliyafikia hayo baadaye kidogo, ilipopata utajiri wa mafuta katika miaka ya 1970, na hapo sanduku baada ya sanduku la fedha ya kale lilifunguliwa, likauzwa kwa uzani, na fedha yake ikanunua dhahabu.

Tumefika sasa kwenye gharama tuliyoitaja mwanzoni. Desturi ya kuyeyusha huhifadhi madini na kuiangamiza kazi. Katika sehemu nyingi za Arabuni bibi arusi alitaka pambo jipya, lisilovaliwa na maiti, na kwa hiyo mapambo ya marehemu yalikwenda motoni hata kama yalikuwa yamefanywa na fundi bora wa zama zake. Na huku kwetu haja ya kupata pesa au tamaa ya mtindo mpya ilifanya kazi ile ile. Ndiyo sababu majumba yetu ya makumbusho yana milango ya nakshi ya miaka mia mbili, vitabu vya mkono na vyombo vya kaure, lakini mapambo mengi ya fedha yaliyomo hayazidi umri wa karne moja na nusu. Fedha iliyovaliwa na wanawake wa Kilwa aliowaeleza Barbosa huenda ingalimo duniani, lakini hakuna awezaye kuionyesha. Kiswahili chenyewe kimebaki na majina ya mapambo, mitali, mafurungu, kekee, timbi, majasi na hazama, ambayo kijana wa leo huyakuta katika kamusi bila ya kupata kuyaona.

Kwa hiyo anayesikia leo kwamba pete fulani imefanywa kwa fedha iliyorejelewa na asifu, lakini asifu kwa akili. Ni kweli kwamba fedha ichimbwayo duniani, zaidi ya theluthi mbili yake, hutoka pamoja na risasi, zinki, shaba na dhahabu katika machimbo makubwa yenye kuacha taka nyingi, na kwamba ile irudiwayo kutoka katika vyombo, filamu za eksirei, mitambo na mapambo haijafika sehemu moja kwa tano ya itumikayo kila mwaka. Kuiongeza sehemu hiyo ni jambo la heri. Lakini reale ya Sham imetufundisha kwamba moto haumtakasi mwenye mali. Fedha iliyotolewa katika mashine mbovu na vijana waziunguzao jalalani kwa mikono mitupu, wakivuta moshi na mvuke wa tindikali, hairuhusu mtu kujivuna kwamba pambo lake halina dhambi, kama vile sarafu ya soko la watumwa haikuwa safi kwa kugeuzwa kipuli. Aulizaye fedha hii ilikuwa nini zamani na aulize pia ilipita mikononi mwa nani.

Kazi yenyewe haijafa. Katika vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja wangali wako wafuao pete na bangili kwa fedha ya kale, na Lamu hupachika katika pete hizo vipande vya kaure ya China vilivyovunjika katika nyumba za mawe, hata pambo moja likawa na mabaki ya bidhaa mbili za bahari. Wanunuzi wao wengi ni wageni, na si vibaya. Ila ufundi uliotegemea mteja aliyekuja na fedha yake mwenyewe, akaketi, akapima na kuhukumu, hauwezi kudumu kwa kutegemea wapitao ambao hawajui kutofautisha kazi njema na mbaya. Yatupasa sisi wenyewe turudi kwa sonara. Mwenye reale zilizotoboka, minyororo iliyokatika na pete zisizovalika na azipeleke zikayeyushwe, kwa mizani na kwa ujira wa haki, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya kazi hii tangu asili. Lakini mwenye mtali au kekee nzima ya zama za bibi yake asiiuze kwa uzani. Aipige picha, aandike jina la aliyeivaa na mji ilikofuliwa, na ikimshinda kuitunza aipeleke makumbushoni. Na mzazi mwenye mtoto mwepesi wa mikono amweke kwa fundi angali mdogo, kwa sababu fedha yaweza kuyeyushwa ikarudi mara mia, lakini fundi akifa bila ya mwanafunzi, hakuna kalibu ya kumrudisha.